Namna ya kuchagua hema jepesi la watu wawili kwa safari za miguu Mtwara na Lindi

Kila kiangazi kikikaribia, maswali ni yale yale. Ninunue hema gani? Kilo ngapi zinatosha? Mbona tuliamka tumelowa na mvua haikunyesha? Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaobeba mzigo wao wenyewe mgongoni, iwe ni ufukwe wa Msimbati, nyanda za Makonde na Rondo, au milima ya mawe ya Masasi.

Kabla ya yote, elewa jambo moja. Maelezo mengi ya mahema unayoyasoma mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa ajili ya baridi. Huku kwetu kinachomnyima mtu usingizi ni joto la usiku, unyevu, mchanga, jua kali na mbu. Hema linalosifiwa kwa kutunza joto, ukilisimamisha Mikindani mwezi Februari, hutalala. Kwa hiyo tanguliza hewa, kisha nafasi ya miili miwili, na uzito uje wa tatu. Wanaoanza na uzito ndio wanaouza hema baada ya safari moja.

Andaa hivi kabla ya kuanza kutafuta:

- Futi ya fundi nguo.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki. Ya kidijitali ni bora kwa sababu inasoma gramu.
- Magodoro yenu ya kulalia, au vipimo vyake. Kama hamjanunua, nunueni hayo kwanza.
- Urefu wako na wa mwenzako kwa sentimita.
- Tochi na ndoo ya maji kwa ajili ya majaribio.
- Karatasi yenye mambo mawili: mtalala wapi, na mwezi gani.

Hatua ya 1: Amua mahali na msimu

Mikoa yetu ina msimu mmoja mkubwa wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndio wakati wa kutembea, na ndio wakati kusi inapovuma. Ukilala ufukweni Julai, upepo ndio utakaoamua hema lako lifae au lisifae. Ukilala Newala mwezi huo huo, utahitaji shuka zito, jambo ambalo mtu wa Mtwara mjini hulisahau.

Ardhi nayo ina masharti yake. Pwani ni mchanga usioshika kigingi. Juu ya Makonde ni udongo wa kichanga unaoshika wastani. Masasi unaweza kufika juu ya jiwe tupu, kigingi hakina pa kuingia kabisa. Kwenye mabonde yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi ni mgumu kama saruji na masika ni tope. Andika ni ardhi ipi utalala mara nyingi zaidi, kwa sababu hatua ya 4 inategemea jibu hilo.

Usinunue hema moja ukitarajia likufae kila mwezi wa mwaka. Nunua la kiangazi linaloweza kustahimili mvua ya ghafla. Na hakuna hema jepesi la kukaa nalo wakati wa kimbunga. Mei 2024 Hidaya ilipofika pwani, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika. Usitegemee kitambaa cha gramu chache katika hali kama ile. Soma tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na zikitolewa, ahirisha.

Hatua ya 2: Pima miili, usiamini neno "watu wawili"

Watengenezaji huhesabu watu kwa kulaza magodoro membamba yakigusana. Godoro la kawaida la safari lina upana wa sentimita 51, pana lina 64. Mawili ya kawaida ni 102, mawili mapana ni 128. Sasa tazama sakafu ya hema. Mengi mepesi yana upana wa sentimita 125 hadi 132 upande wa kichwani, lakini upande wa miguuni hupunguzwa hadi 105 au 110 ili kuokoa gramu. Maana yake ni kwamba magodoro mawili mapana hayaingii, hata kama tangazo linasema 130. Daima uliza upana wa miguuni.

Kwa urefu, chukua urefu wa aliye mrefu zaidi kati yenu, ongeza sentimita 30. Mtu wa sentimita 180 anahitaji sakafu ya 210 au zaidi. Nyongeza hiyo si anasa: kuta za hema huinamia ndani, na kichwa au miguu ikigusa ukuta usiku kucha, unyevu wa ukuta unahamia kwenye shuka.

Kimo cha ndani kiwe sentimita 100 au zaidi, na kilele kiwe sehemu ambayo nyote wawili mnaweza kukaa. Hema lenye kilele kichwani tu linamlazimisha mmoja kulala wakati mwenzake anavaa viatu.

Milango iwe miwili, kila mmoja na kibaraza chake, yaani nafasi iliyofunikwa na turubai nje ya mlango. Ndiyo, inaongeza gramu 100 hivi, na ni gramu zinazostahili kubebwa. Mlango mmoja unamaanisha anayetoka usiku anamruka mwenzake, na kila anapofungua mbu wanaingia. Tena, milango miwili inayotazamana ndiyo inayopitisha upepo katikati ya hema, na kwa joto letu hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Hatua ya 3: Soma uzito kwa jicho kali

Tangazo moja huweza kuwa na uzito wa aina mbili. Kuna uzito mdogo, yaani hema la ndani (chumba cha kulala), turubai la juu (kifuniko cha mvua) na fito tu. Kuna uzito kamili, unaojumuisha vigingi, kamba, mifuko na viraka. Wauzaji huandika ule mdogo kwa herufi kubwa. Tofauti huwa gramu 150 hadi 300. Wewe linganisha uzito kamili kwa uzito kamili.

Viwango vya kushika:

- Chini ya kilo 1: mara nyingi husimama kwa fimbo za kutembelea, au kitambaa chake ni chembamba sana na bei yake kubwa sana.
- Kilo 1.2 hadi 1.8: hapa ndipo mtafute.
- Kilo 1.9 hadi 2.5: bei ni nafuu zaidi, na kwa kugawana bado panabebeka.
- Zaidi ya kilo 3: hema la kubebwa na gari, si mgongoni.

Mkigawana, mmoja abebe hema la ndani na fito, mwingine turubai la juu, vigingi na kitandiko cha chini ya hema. Hema la kilo 1.8 linakuwa chini ya kilo moja kwa kila mtu. Kwa hiyo usijinyime mlango wa pili au nafasi ya mabega kwa ajili ya gramu 200; ni gramu 100 kwa mtu, na lita moja tu ya maji ni kilo nzima. Kwenye nyanda za Newala, ambako maji ni ya shida, mzigo wenu mkubwa utakuwa maji.

Mahema yaliyotumika Kilimanjaro, yanayouzwa Moshi na Arusha, ni imara na bei yake huvutia. Lakini mengi yalibebwa na wapagazi na yalishonwa kwa ajili ya baridi ya juu. Pima kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Chagua namna linavyosimama

*Linalojisimamia.* Fito zinapishana na kushika pembe zote nne. Unaweza kulisimamisha juu ya jiwe la Masasi au sakafu ya saruji ya shule, kisha ukalinyanyua na kulihamisha. Kwa anayeanza, na kwa anayetembea mikoa hii yenye mchanga na mawe, hili ndilo chaguo letu.

*Linalojisimamia nusu.* Upande wa kichwani unasimama, pembe za miguuni zinahitaji kigingi. Ni jepesi kuliko la kwanza kwa gramu 200 hivi. Linafaa Makonde na Rondo. Juu ya jiwe utahitaji mawe mazito ya kufungia kamba.

*La fimbo za kutembelea.* Ni jepesi kuliko yote, lakini lote linategemea vigingi na mkazo wa kamba. Kwenye mchanga mkavu wa pwani, kigingi kimoja kikichomoka saa nane usiku hema zima linawaangukia. Tena, kama hamtembei na fimbo, mtalazimika kununua na kubeba nguzo zake. Waachie wazoefu.

Jambo jingine la kuangalia hapa ni kuta. Hema la kuta mbili lina chumba cha ndani cha wavu na turubai la juu lililoachana nacho. La ukuta mmoja halina wavu wa kukutenga na turubai, na jasho lote la usiku linakudondokea. Pwani yetu ina unyevu mwingi mno kwa ukuta mmoja. Chukua kuta mbili, bila kusita.

Hatua ya 5: Kagua hewa na wavu

Hapa usiharakishe.

Watu wawili waliolala hupumua nje maji yasiyopungua kikombe kizima kwa usiku. Mvuke huo usipopata pa kutokea, hugusa turubai lililopozwa na anga na kugeuka matone. Ndiyo maana mliamka mmelowa bila mvua. Dawa yake ni mzunguko wa hewa, na hewa huzunguka ikiwa ina pa kuingilia chini na pa kutokea juu.

Angalia mambo haya:

1. Turubai la juu lina tundu la kupumulia karibu na kilele, lenye kijiti cha kuliweka wazi. Mawili ni bora.
2. Kingo za turubai la juu haziburuzi ardhini. Ziko juu sentimita 8 hadi 15. Hema la theluji hugusa chini, ukiliona hivyo liache.
3. Kati ya wavu na turubai la juu mkono unapita bila kugusa pande zote mbili.
4. Hema la ndani linaweza kusimama peke yake bila turubai la juu. Kwa usiku mkavu wa Agosti, hapo unalala ndani ya chandarua tu, na upepo unapita.

Wavu wenyewe uwe wa matundu madogo sana. Matundu ya chandarua cha kawaida yanazuia mbu lakini usubi wanapita, na karibu na mikoko usubi hawana huruma. Malaria ipo sana mikoani kwetu, kwa hiyo wavu uliochanika usiuahirishe mpaka kesho.

Sasa kuna mgongano ambao muuzaji hatakuambia. Wavu mtupu kutoka sakafuni hadi juu ni mzuri kwa joto, lakini ufukweni kusi ikivuma, mchanga laini unapita chini ya turubai na kuingia ndani moja kwa moja, utaukuta mdomoni. Kwa anayelala pwani mara nyingi, chagua hema ambalo kuta zake zina kitambaa kisicho wavu kwa sentimita 25 hadi 40 kutoka chini, kisha wavu juu yake. Anayelala bara peke yake achukue wavu mtupu.

Hatua ya 6: Kagua kitambaa

Nailoni ni nyepesi na ngumu kuchanika, lakini inanyonya maji na kulegea; turubai ulilokaza jioni linakuwa limelala asubuhi. Polista hainyonyi maji kiasi hicho na inastahimili jua vizuri zaidi. Kwa jua la pwani, vikiwa sawa uzito na bei, tunapendekeza polista.

Unene huandikwa kwa herufi D. 15D hadi 20D ni chepesi na kinahitaji uangalifu. 30D hadi 40D kinavumilia zaidi. Sakafu isiwe chini ya 20D, na kwa miiba na mawe ya bara 30D ni salama zaidi.

Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita. Turubai la juu 1,500 linatosha kwa mvua za kawaida, sakafu iwe 3,000 au zaidi kwa kuwa magoti na viwiko vyako vinasukuma maji kutoka chini. Sakafu pia iwe na kingo zilizoinuka kama beseni, sentimita 10 au zaidi, mshono ukiwa juu na si ardhini.

Mipako ni ya aina mbili. Ile ya PU (poliyurethani) ni nafuu na mishono yake huja imebandikwa utepe kiwandani. Tatizo lake ni kwamba joto na unyevu huioza: inanata, inatoa harufu kali, kisha inabanduka kama magamba. Ile ya silikoni haiozi hivyo, ila utepe haushiki juu yake, kwa hiyo lazima mishono ipakwe silikoni. Muulize muuzaji kama imeshapakwa.

Hatua ya 7: Fito, vigingi, zipu

Fito ziwe za aluminiamu. Za faibaglasi ni nzito, zinapasuka vipande vyenye ncha, na ndizo zinazokuja na mahema mengi ya bei ya chini. Hakikisha kipo kijibomba cha kuungia ufito uliovunjika. Kina uzito wa gramu chache tu.

Vigingi vinavyokuja na hema karibu vyote ni vyembamba, vya udongo laini. Badilisha vinne vya pembeni kwa vigingi vyenye umbo la Y ukivitazama kwa kichwani. Kwa mchanga wa pwani, acha vigingi kabisa: chukua vifuko vinne hadi sita vya kitambaa, jaza mchanga, funga kamba katikati, fukia kwa kina cha sentimita 30 na kanyaga. Vikiwa vitupu havina uzito wa kusumbua.

Zipu ifungue na kuifunga mara 20 kwa mkono mmoja. Ikishika kitambaa ukiwa dukani, itashika zaidi ikiwa na mchanga.

Hatua ya 8: Jaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Mahema mepesi mengi huagizwa mtandaoni au kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo uliza sharti la kurudisha kabla ya kutuma pesa. Likifika:

1. Lipime lote, pamoja na mfuko wake. Likizidi tangazo kwa zaidi ya gramu 100, dai.
2. Lisimamishe uani. Sukuma fito kwenye njia zake, usizivute, kwa maana zitaachana ndani.
3. Laleni nyote wawili juu ya magodoro, dakika 15, milango imefungwa. Hapo mtajua ukweli wa hatua ya 2.
4. Mwaga ndoo nzima ya maji polepole juu ya mishono. Ingia ndani na tochi.
5. Lizungushie kamba zote na ulikaze. Kamba ambayo haina pa kufungwa ni kasoro.

Kwa hema la mtumba, anza na pua. Harufu ya siki au matapishi maana yake mipako imeoza, na hakuna namna ya kuirudisha. Pitisha kiganja ndani ya turubai, likinata, acha. Kisha usiku inueni sakafu, mwenzako apitishe tochi upande mmoja, nawe utazame upande wa pili. Kila nukta ya nuru kali inayopenya ni tundu.

Makosa yanayorudiwa

Kitandiko kikubwa kuliko hema. Karatasi la nailoni la ujenzi linafaa sana kulinda sakafu, lakini likate liwe dogo kwa sentimita 5 kila upande. Likitokeza nje hukusanya mvua na kuipitisha chini yenu.

Kulisimamisha ufukweni bila kuangalia mwezi wa angani. Wakati wa bamvua maji yanapanda mbali kuliko jana. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, kisha panda zaidi ya hapo, na usikae chini ya minazi yenye nazi.

Kulala shambani mwa mikorosho wakati wa kupuliza salfa. Unga wake huwasha macho na unapita kwenye wavu. Muulize mwenye shamba, na popote mnapolala piteni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Ndani ya hifadhi, na maeneo ya Liwale yenye tembo na simba, laleni tu pale mnapoelekezwa na wahifadhi.

Kulihifadhi likiwa na unyevu. Ukirudi, lisafishe chumvi kwa maji baridi yasiyo na sabuni ya unga, lianike kivulini hadi likauke kabisa, kisha liweke kwa ulegevu ndani ya mfuko wa kitambaa, si kwenye mfuko wake wa kubana. Kwa hewa ya Mtwara, siku chache za unyevu zinatosha kuanzisha ukungu.

Likitokea tatizo

*Matone ndani asubuhi.* Fungua matundu yote, inua kingo za turubai, sogea mbali na bonde na kando ya maji. Futa kwa kitambaa kabla ya kukunja.

*Turubai limelegea usiku.* Ni nailoni iliyolowa. Kaza kamba upya kabla ya kulala, na mara moja tena mvua ikianza.

*Linapigapiga kwa upepo.* Geuza upande mwembamba, wa miguuni, utazame kusi. Funga kamba za katikati ya ukuta, si za pembe tu.

*Maji yanaingia kwenye mshono.* Likaushe. Kama ni PU, bandua utepe uliolegea, weka gundi ya mishono ya mahema. Kama ni silikoni, paka kwa kidole silikoni angavu wanayotumia mafundi aluminiamu, nyembamba, na uache saa 24.

*Ufito umevunjika.* Telezesha kijibomba juu ya ufa, funga utepe pande zote mbili. Ukikunja fito siku zote, anzia katikati ili mpira wa ndani usivutike upande mmoja.

*Zipu inafunga kisha inaachia nyuma yake.* Kichwa cha zipu kimepanuka. Suuza mchanga kwanza, kisha kibane kidogo kwa koleo, upande wa nyuma, kushoto na kulia kwa usawa. Ukibana sana kitavunjika. Ikishindikana, fundi nguo anabadilisha kichwa peke yake bila kugusa zipu nzima.

*Tundu kwenye wavu.* Kiraka cha kubandika pande zote mbili. Usiku wa porini, hata utepe wa kawaida ubandikwe mpaka asubuhi.

*Mchwa wametoboa sakafu.* Hutokea hema likikaa mahali pamoja siku mbili au tatu bila kuinuliwa. Kagua chini kila asubuhi, hamisha ukiona udongo mbichi uliopanda, na bandika kiraka chenye ukubwa wa sentimita 2 zaidi ya tundu kila upande, pembe zake zikiwa zimezungushwa ili zisiinuke.